Pembe za Kidato cha Kwanza: binti anajua majina yote, mchoro ukigeuzwa anakwama

MamaZena_Moro

Habari za jioni wanajukwaa. Walimu wa hisabati na wazazi wenye watoto Kidato cha Kwanza, naomba mnisaidie, maana hapa nyumbani Kihonda kila jioni ni mabishano kati yangu na binti yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kwenye vipimo hunidanganyi. Sasa binti kaingia sekondari, wamefika mada ya pembe, na mwalimu kawapa jedwali la majina. Binti anayataja bila kusita: komplimentari, saplimentari, altaneti, korespondingi, ko-interia, na zile zinazotazamana mistari miwili inapokatana. Hata umwamshe usiku atakutajia. Mpe mchoro sasa. Anashika kichwa.

Kuna swali la kwenye kitabu. Mistari miwili sambamba inakatwa na mstari wa tatu, pembe moja ni 3x + 10, nyingine ni 5x − 30, tafuta x. Yeye kaandika kwamba pembe ziko sawa, kapata x = 20. Nyuma ya kitabu jibu ni 25. Nimeirudia hesabu yake mwenyewe na sioni alipokosea kujumlisha wala kutoa. Ukiweka 20, pembe zote mbili zinatoka nyuzi 70, safi kabisa. Sasa 25 imetoka wapi?

Halafu kuna zoezi la darasani. Mistari miwili imelala, mmoja unaikata kwa mshazari, pembe ya juu kaambiwa ni 62, atafute ya chini. Kaandika 62. Mwalimu kampiga X nyekundu, na pembeni kaandika "umejuaje?" Jamani, mchoro nimeuona kwa macho yangu, mistari ile iko sambamba! Mimi naona mtoto ameonewa.

La mwisho ndilo lililotugombanisha jana. Yeye anasema pembe ya nyuzi 35 iliyo ukurasa wa nne na ya nyuzi 55 iliyo ukurasa wa tisa haziwezi kuitwa komplimentari kwa sababu hazigusani. Mimi nasema jumla ni 90, basi yameisha. Nani yuko sahihi?

Picha nimeshindwa kupandisha, simu yangu ina matatizo yake.

Kijana_F4

Shikamoo mama. Mwambie akariri herufi tu, sisi ndivyo tulivyopita. Pembe za F (korespondingi) ziko sawa. Pembe za Z (altaneti) ziko sawa. Pembe za U (ko-interia) zinajumlisha 180. Hilo swali lako ni U: 3x + 10 + 5x − 30 = 180, inakuwa 8x = 200, x = 25. Pembe ni 85 na 95. Kwisha habari.

Kuhusu X nyekundu, walimu wengine wanapenda tu kubana maksi. Asijali.

MamaZena_Moro

Marahaba mwanangu, asante. Herufi anazijua pia. Tatizo Z ikilala anaiona N, na F ikipinduliwa haioni kabisa. Na kwenye ule mchoro wa 62, Z ipo wazi, hata mimi nimeiona. Mbona kakosa?

FundiPaa_Tanga

Dada, mimi si mwalimu. Napaua nyumba hapa Tanga na pembe ndizo zinazonilisha, kwa hiyo nitasema kifundi, walimu watanirekebisha.

Nianze na X nyekundu, maana naona kijana wetu kaipita haraka. Mwalimu hajamwonea mtoto. "Umejuaje?" ndilo swali ninalomuuliza kila anayekuja kujifunza kazi kwangu akiniambia mbao mbili ziko sambamba. Macho hayajui sambamba. Chukua mbao mbili za mita sita, upande mmoja ziachane zaidi kidogo, sentimita mbili tu. Simama chini uzitazame, utaapa hazina tofauti. Siku ya kugonga bati ndipo utakapoona: bati la kwanza limekaa, la pili limekaa, kufika la kumi mstari wa chini umeshahama na mwenye nyumba amesimama kwenye mwembe anauliza maswali. Mistari ikiwa sambamba kwenye mchoro, lazima kitu kikwambie: ama imeandikwa, ama imewekewa vile vimishale. Kama havipo, huo ni ubao ambao hujaupima, na hakuna fundi anayekata ubao asioupima.

Sasa mpe binti kazi ya mikono, na wewe mwenye mkasi mzuri mtaimaliza kabla ugali haujaiva.

Chukua boksi la viatu. Laza rula juu yake, piga mstari upande huu wa rula na upande ule, kisha kata. Umepata ukanda wenye kingo sambamba bila kupima chochote, maana rula yenyewe ni sambamba. Ulaze mbele yake kama ubao mezani kwangu. Sasa akate mara moja tu, kwa mshazari, popote anapopenda. Amebaki na vipande viwili, na kwenye mkato kuna pembe nne. Kipande cha kushoto, pembe ya chini aiandike A, ya juu B. Kipande cha kulia, ya chini C, ya juu D.

Kabla hajasogeza kitu, atazame ukingo wa chini. Ulikuwa umenyooka kabla ya mkasi kupita, kwa hiyo A na C pamoja ni nyuzi 180. Juu vilevile, B na D. Hapa hatujataja sambamba hata kidogo, ni mstari ulionyooka tu umegawanywa.

Sasa akichukue kipande cha kulia akizungushe nusu mzunguko juu ya meza, bila kukibinua, akilaze juu ya kile cha kushoto, mkato juu ya mkato. D itakaa juu ya A, haitabaki hata nywele. C itakaa juu ya B. Hiyo ndiyo Z yenu. Na ile U haihitaji kukaririwa tena: A na C ni 180, C ni sawa na B, kwa hiyo A na B ni 180. Kwenye ubao ni hivyohivyo. Nikikata mshazari wa nyuzi 60 ukingo wa chini, ukingo wa juu wa kipande kilekile unatoka 120. Sijawahi kuupima ule wa juu, sina haja.

Halafu asitupe mkasi. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Akate ukanda wa pili unaopungua: mwanzo upana wa vidole vitatu, mwisho kidole kimoja, kingo zote zimenyooka. Akate mshazari uleule, aandike A, B, C, D zilezile. Ukingo wa chini: A na C bado ni 180. Vizuri. Sasa akizungushe kipande cha kulia akilaze juu ya mwenzake. D inakataa kukaa juu ya A. Z bado anaiona, imechorwa palepale mbele yake, lakini haifanyi kazi. U nayo haifanyi kazi. Zilizobaki hai ni zile za mstari ulionyooka peke yake.

Akishaona hivyo, muulize tena kuhusu ile 62. Z haikumkosesha. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba ukanda ule ulikuwa wa aina ya kwanza.

Na ugomvi wenu wa jana, dada, wewe ndiye uliyeshinda. Paa likiinama nyuzi 30, kichwa cha ubao kinapokutana na mwenzake kileleni nakikata nyuzi 60, kwa sababu mkato ule unatakiwa usimame wima, na wima na mlalo ni 90. Ile 30 iko chini ukutani. Ile 60 iko juu kileleni. Katikati yake kuna mita tatu na zaidi za mbao za paini kutoka Mafinga. Hazijawahi kugusana na hazitagusana, ila ukikosea moja na nyingine imeharibika.

Mwl_Mstaafu_Bukoba

Fundi, hongera. Ningekuwa bado darasani ningekuomba uje uwafundishie watoto wangu kipindi kimoja, mimi nikae nyuma nisahihishe madaftari.

Mama Zena, naongeza mawili matatu upande wa chaki.

Jedwali lile la majina ni zuri kwa mwalimu, kwa sababu yeye tayari anajua kilicho nyuma yake. Kwa mtoto limechanganya koo mbili tofauti kwenye safu moja. Komplimentari na saplimentari ni majina ya jumla: 90 na 180. Hayasemi pembe ziko wapi. Moja inaweza kuwa daftarini Morogoro na nyingine kwenye paa la mtu Tanga. Kwa upande mwingine, pembe jirani ni jina la mahali: zina ncha moja na zinachangia mkono mmoja. Jina hilo halisemi chochote kuhusu ukubwa. Mbili zinaweza kuwa 20 na 31 zikawa jirani wema kabisa. Binti yako aligongana na hili aliposema "hazigusani": kachukua sharti la ukoo mmoja kaliweka kwenye ukoo mwingine. Anafikiri. Mtoto asiyefikiri hasumbuliwi na ukurasa wa nne na wa tisa.

Zipo basi zile ambazo mahali panalazimisha ukubwa. Mistari miwili ikikatana, zinazotazamana ni sawa. Kwa nini? Kila moja inajaza 180 ikiwa na pembe ileile ya katikati. Kama moja ni 110, jirani yake ni 70, na jirani wa jirani lazima awe 110 tena. Wagiriki wa kale walimpa Thales wa Mileto sifa ya kuligundua hili, na Euclid akaliwekea uthibitisho wake karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, kule Iskanderia, Misri. Halihitaji usambamba.

Zile za Z, F na U ndizo zinazohitaji usambamba. Na hapa fundi amegusa jambo ambalo wanafunzi wengi wa sekondari wanamaliza bila kuliona: njia ina pande mbili. Ukijua mistari ni sambamba, unapata pembe. Ukijua pembe, unapata usambamba. Katika kitabu cha kwanza cha Euclid haya ni madai mawili tofauti, la 27 na la 29. La 27 linasema pembe za Z zikiwa sawa basi mistari ni sambamba. La 29 linarudi kinyume, na ni hapo tu kwa mara ya kwanza alipolazimika kutumia ile kanuni yake ya tano kuhusu mistari sambamba, ambayo wanahisabati waligombana nayo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Kwa hiyo mwalimu anayeandika "umejuaje?" yuko kwenye msafara mrefu.

Kuhusu x. Kwenye mistari sambamba iliyokatwa na mmoja kuna pembe nane, lakini saizi ni mbili tu: kali, chini ya 90, na butu, juu ya 90. (Mkato ukisimama wima kabisa zote ni 90, tuiache hiyo.) Chukua pembe yoyote mbili kati ya nane. Kama zote ni kali au zote ni butu, ziko sawa. Kama moja ni kali na moja ni butu, jumla ni 180. Hakuna njia ya tatu. Binti asianze kutafuta herufi, ajiulize hilo kwanza: je, mahali zilipokaa, ni za aina moja au za aina mbili? Swali la kitabu lilikuwa la aina mbili, akaliandikia mlinganyo wa aina moja. Ile x = 20 ni jibu sahihi la mchoro mwingine.

Mombasa_MamaG7

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, huku Kenya pembe hizi ziko Gredi ya 7, kwa hivyo mwenzenu nimo kwenye dau hilohilo. Wangu majina hayamsumbui, kinachomsumbua ni kipimapembe. Alipima pembe kali kabisa, nyembamba, akaandika 118. Nikamwambia hebu itazame tena, akapima tena, akaandika 118. Kila akipima ni hiyo!

Mwl_Mstaafu_Bukoba

Hujambo mama. Anasoma safu isiyo yake. Kipimapembe kina safu mbili za namba, moja inaanzia kulia, nyingine kushoto. Hapo aliposoma 118, namba ya safu ya pili ni 62. Aitazame popote: 40 iko na 140, 75 iko na 105. Daima 180, kwa sababu msingi wa kipimapembe ni mstari ulionyooka na kila alama inaugawa vipande viwili. Kwa hiyo chombo kinampa pembe mbili kwa mpigo mmoja, achague moja. Aamue kwanza kwa macho kama ni kali au butu, ndipo asome namba. Kwa kuamua kali au butu macho yanatosha. Kwa usambamba hayatoshi, fundi ameshatueleza.

FundiPaa_Tanga

Mwalimu, ile ya kutoka pembe kwenda usambamba ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Kenchi zikishasimama sipimi nafasi kati yake juu na chini, muda huo sina. Napitisha ubao mmoja mshazari juu ya kenchi zote. Nina vipande viwili vya mbao vilivyobanwa na msumari mmoja, vinafunguka na kufunga. Navifungua vikae sawasawa kwenye pembe ya kenchi ya kwanza na ule ubao, nakaza msumari, kisha natembea navyo. Kenchi ya pili, pembe imekaa. Ya tatu, imekaa. Ya nne ikikataa, hiyo ya nne ndiyo inayosogezwa. Kumbe nafanya mambo ya huyo mzee Euclid bila kujua, nitawaambia vijana kesho waniheshimu.

MamaZena_Moro

Jamani nimerudi. Tumekata maboksi mpaka mume wangu kauliza viatu vitakaa wapi.

Ukanda wa kwanza ulikaa kama fundi alivyosema. Ule unaopungua ulipokataa, binti kazungusha tena na tena akidhani kakosea kushika, kisha kanyamaza, kisha kasema "kwa hiyo mimi sikupewa vimishale." Kaenda kufungua daftari kuangalia. Havipo kweli.

Ana swali na nimemwahidi nitaliuliza kwa maneno yake: "Kwenye ukanda nimeona Z na U. F iko wapi?" Mimi nimezunguka nayo, sijaiona.

Kijana_F4

F haipo kwa sababu mmekata ukanda, mama. F inahitaji pembe za nje pia.

FundiPaa_Tanga

Kijana amesema kweli. Ubao hauna nje. Arudishe vipande viwili vya ukanda wa kwanza pamoja juu ya karatasi, afuate kingo na mkato kwa penseli, kisha arefushe mkato kwa rula utoke juu ya ukingo wa juu. Sasa pale juu kuna mistari miwili imekatana. Atafute pembe inayotazamana na D. Iko nje, juu, upande wa kushoto. Hiyo ni sawa na D, na D ni sawa na A. Kwa hiyo hiyo ya nje ni sawa na A, na zote mbili zimekaa juu ya ukingo wake, kushoto kwa mkato. Hiyo ndiyo F.

Mwl_Mstaafu_Bukoba

Au aache boksi kabisa. Mistari ya daftari ni sambamba, kiwanda kimeshamfanyia kazi. Alaze rula mshazari, apige mstari mmoja mrefu ukate mistari kumi ya daftari. Pembe ile ya juu kushoto itajirudia mara kumi. F zimepangana kutoka juu mpaka chini.

Na kama anapenda hadithi, amuulize mwalimu wake wa jiografia kuhusu Eratosthenes. Alizaliwa Kirene, katika Libya ya leo, akawa mkuu wa maktaba ya Iskanderia karne ya tatu kabla ya Kristo. Alisikia kwamba kule Syene, Aswan ya leo, mchana wa siku ndefu kuliko zote jua linaingia mpaka chini ya kisima, maana yake liko utosini. Siku hiyohiyo Iskanderia kijiti kilichosimama wima kinatupa kivuli, na pembe kati ya kijiti na mwale wa jua ni moja ya hamsini ya duara zima, nyuzi 7 na kidogo. Mionzi ya jua inatufikia ikiwa sambamba. Kijiti ukikirefusha kwenda chini kinafika kitovu cha dunia, sawa na mwale wa Syene ukiurefusha, nacho ndicho mstari unaokata mwale huo na ule wa Iskanderia. Z! Pembe ya kijitini ni sawa na pembe ya kitovuni. Kwa hiyo umbali wa Iskanderia mpaka Syene, aliouhesabu kuwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale), ni moja ya hamsini ya mzunguko wa dunia. Akazidisha, akapata 250,000. Dunia nzima kaipima kwa kijiti na pembe mbili zilizo sawa.

Kijana_F4

Mwalimu, shikamoo. Hadithi nzuri ila tuseme ukweli. Kwenye mtihani hawaulizi Aswan. Wanasema tafuta pembe, toa sababu. Usipoandika jina la sababu, maksi ya sababu imekwenda. Mnamfanya mtoto aone majina hayana maana, halafu Novemba ya Kidato cha Pili analia.

Mwl_Mstaafu_Bukoba

Marahaba. Hilo nakubali bila ubishi. Majina ayajue, na ayaandike kwa ukamilifu, pamoja na neno "sambamba" ndani ya sababu, kwa sababu bila hilo sababu ni nusu. Nimesahihisha karatasi nyingi zilizoandikwa "altaneti" peke yake. Ninachokataa ni jina kutangulia.

Kwa kuwa umekuja na sababu, nikupe moja, na mama Zena usimsomee binti majibu. Mistari miwili sambamba imelala, mmoja juu, mmoja chini. Kutoka mstari wa juu kijiti kinashuka kuelekea kulia, kikifika katikati kinavunjika na kurudi kushoto mpaka mstari wa chini. Mkunjo umechongoka upande wa kulia. Juu, pembe kati ya kijiti na mstari, upande wa kulia, ni 40. Chini, upande wa kulia pia, ni 25. Pembe ya mkunjo, ile iliyofunguka kushoto, ni ngapi?

Kijana_F4

65. Unajumlisha tu, 40 + 25.

Mwl_Mstaafu_Bukoba

Toa sababu.

Mombasa_MamaG7

Ha! Kijana kashikwa na mtego wake mwenyewe.

Kijana_F4

Sawa mwalimu, nimekaa chini nimeichora. Napitisha mstari wa tatu kwenye ncha ya mkunjo, sambamba na ile miwili. Unaigawa pembe ya mkunjo vipande viwili. Kipande cha juu ni altaneti na ile 40, mistari sambamba, kwa hiyo ni 40. Kipande cha chini ni altaneti na ile 25, mistari sambamba, kwa hiyo ni 25. Ni pembe jirani, zinajumlishwa, 65.

Mwl_Mstaafu_Bukoba

Maksi zote. Mama Zena, ukiona amekwama kwenye hii, mwambie maneno matatu tu: "chora mstari mwingine". Usimwambie wapi.